Winchi za migodi ya makaa ya mawe: waya haukufungwa popote, mbona kizimba hakianguki?

#1 Winchi_Kilindini
Salaam wadau. Mimi ni fundi wa kreni bandarini, upande wa waya na breki. Huku kwetu waya wa kreni hubanwa kwenye ngoma (silinda ya kuzungushia waya), na hata spreda (fremu ya kushika kontena) ishuke mpaka sakafu ya meli lazima mizunguko kadhaa ibaki imelala pale bila kufunguka. Hilo ni somo la kwanza kabisa.

Sasa nimekaa na michoro ya shimo nambari 12 la mgodi wa makaa wa Zollverein, pale Essen, Ujerumani, lililoanza kazi mwaka 1932. Mashine yake haina ngoma. Ina gurudumu, na waya umelazwa juu yake tu: huku kizimba (chumba cha kubebea watu au makaa), kule kizimba. Haukufungwa kwenye mashine hata kidogo. Na mgodi ule ukitoa makaa tani 12,000 kwa siku!

Nina maswali mawili. Kwanza, ni nini kinazuia waya usiteleze? Pili, mbona Wajerumani waliupenda mtindo huu, ilhali Afrika Kusini, wenye mashimo marefu kuliko wote, wameng'ang'ania ngoma?

#2 Lifti_Nyali
Sheikh, kila ukipanda lifti ya ghorofa umening'inia kwenye mtindo huohuo. Kapi juu, chumba upande huu, mzigo wa kusawazisha upande ule. Waya haujafungwa kwenye kapi. Uzito wa pande mbili waukandamiza waya kwenye mfereji, basi unashika.

#3 Mwalimu_Tudor
Namuunga mkono #2, ila uzito peke yake haumalizi maelezo. Mwangalie baharia anayezungusha kamba ya meli kwenye nguzo ya gati: mtu mmoja aweza kuishika meli. Kila sehemu ya mzunguko hukuza mshiko wa sehemu iliyotangulia, kwa hiyo mshiko huzidishwa, haujumlishwi.

Kwa hesabu: mvuto wa upande mzito ukigawanywa kwa mvuto wa upande mwepesi usizidi *e* (namba 2.718) yenye kipeo cha msuguano mara pembe. Nusu mzunguko ni radiani 3.14. Msuguano wa kuhesabia huwekwa 0.2 hivi. Jibu ni 1.87. Upande mzito ukikaribia mara mbili ya upande mwepesi, waya utateleza. Na tazameni vizuri, ukubwa wa gurudumu haumo kwenye hesabu hii.

#4 Kijana_Mtongwe
Kama ukubwa haumo, mbona yale magurudumu ni makubwa kama nyumba?

#5 Chuma_Changamwe
Ni kwa ajili ya maisha ya waya. Kila waya unapopinda juu ya kapi na kunyooka tena, nyuzi zake huchoka. Kapi likiwa dogo zitakatika mapema. Lifti hutakiwa kipenyo cha kapi kisipungue mara 40 ya unene wa waya. Kreni zetu za bandari ziko chini ya hapo, mara 20 na kitu, ndiyo maana twabadilisha waya kila uchao. Mgodini ni mara 80, mara 100 na zaidi. Waya wa milimita 50 wataka gurudumu la mita 5.

#6 Mwalimu_Tudor
Niongeze mfano wa namba ili #1 aone mambo yalivyo. Chukua shimo la mita 1,000. Ndoo tupu (kizimba cha kubebea makaa) tani 20, makaa tani 20. Nyaya nne sambamba, kila moja kilo 8 kwa mita, jumla tani 32. Chini ya ndoo zote mbili pananing'inia nyaya za mkia zenye uzito uleule, zinapita shimoni na kuunganisha ndoo hii na ile, ili uzito wa nyaya ulingane pande zote ndoo ikiwa popote.

Upande wa mzigo: 20 + 20 + 32 = tani 72. Upande mtupu: 20 + 32 = tani 52. Gawanya, wapata 1.38. Uko salama, mbali na 1.87.

Lakini hiyo ni mashine ikiwa imesimama. Ianze kuondoka kwa kuongeza mwendo mita 1 kwa sekunde kila sekunde: upande unaopanda unavutwa zaidi, unaoshuka unalegea. Uwiano wafika 1.70. Nafasi yote iliyobaki ni kati ya 1.70 na 1.87! Kwa hiyo kwenye gurudumu la namna hii dereva hawezi kukurupuka, wala breki haiwezi kubana kwa ghafla inavyotaka.

#7 Winchi_Kilindini
Mwalimu, umenifungua macho. Yaani huku kwetu kila kilo unayopunguza kwenye spreda ni faida. Kule, ukiifanya ndoo kuwa nyepesi, tuseme tani 10 badala ya 20, wapata 62 kwa 42, uwiano wapanda mpaka 1.48 hata kabla ya kuondoka. Wepesi ndio hatari. Na shimo likiwa refu zaidi mshiko waongezeka, kwa sababu uzito wa nyaya umo pande zote mbili. Fundi wa kreni hawezi kuyawaza haya bila kuonyeshwa.

#8 Binti_Likoni
Nasoma uhandisi wa mitambo, naomba kuuliza. Waya hupakwa grisi. Grisi na msuguano vitakaaje pamoja?

#9 Chuma_Changamwe
Swali zuri sana dada. Grisi ya kawaida hairuhusiwi pale. Kuna mafuta maalumu ya nyaya za msuguano, yanazuia kutu lakini hayatelezi. Na mfereji wa gurudumu huwekwa bitana. Zamani ilikuwa ngozi, siku hizi plastiki ngumu. Bitana likilika upande mmoja kuliko mwingine, nyaya nne hazigawani mzigo sawa, lazima mifereji ichongwe upya ilingane.

#10 Kijana_Mtongwe
Jamaa zangu wapaka grisi wa bandarini, msiombe kazi Ujerumani 😂

#11 Lifti_Nyali
#10 usiwacheke, kuna waliowahi kuipaka kwenye lifti. Jengo moja mjini (silitaji) mtunzaji aliona waya una kutu, akaupaka grisi ya magari kwa nia njema. Lifti ikawa inapitiliza ghorofa. Tuliosha waya kwa taabu, mwishowe ukabadilishwa wote.

#12 Nahodha_Kibokoni
Vijana, kabla ya nyaya kulikuwa na nini? Jahazi la babu yangu foromali (mti wa tanga) ilipandishwa kwa kamba ya katani na gofia (kapi) za mbao. Migodi ya Ulaya nayo ilikuwa hivyohivyo, kamba za katani au minyororo ya chuma. Katani huoza kwenye unyevu. Na mnyororo hauna ishara: pete moja ikiwa na ufa, siku yake ikifika hukatika palepale.

Aliyeleta waya ni Wilhelm Albert, afisa wa migodi wa Clausthal kwenye milima ya Harz, mwaka 1834. Waya wake ulikuwa misokoto mitatu, kila mmoja nyuzi nne za chuma, kila uzi milimita 3.5. Ulisokotwa kwa mikono. Jambo kubwa alilopata ni kwamba uzi mmoja ukikatika, zilizobaki zinaendelea kubeba, na wewe unauona umekatika. Waya hukupa onyo. Mnyororo haukupi.

#13 Chuma_Changamwe
Mzee Nahodha kasema kweli tupu. Mpaka leo hukumu ya waya bandarini ni kuhesabu nyuzi zilizokatika. Na tena Albert alisokota nyuzi na misokoto kuelekea upande mmoja, mtindo ambao bado watumika migodini kwa sababu uso wa waya hulika taratibu. Ubaya wake waya huo hupenda kujizungusha, mzigo ukiachwa huru utapindapinda. Shimoni kizimba kina reli za mwongozo, hakiwezi kuzunguka. Kwenye kreni ya ndoana moja ungeona maajabu.

#14 Mama_Kongowea
Mie si fundi, lakini nimesoma yote. Nauliza hivi: mkonge wetu wa Vipingo umo kwenye hizo waya? Marehemu baba alifanya kazi shambani kule, akisema mkonge huenda ndani ya waya za chuma. Sisi tulidhani hadithi.

#15 Chuma_Changamwe
Mama, si hadithi. Katikati ya nyaya nyingi za chuma mna kiini cha nyuzi, na mkonge ndio uliotumika sana. Kazi yake ni kuishika misokoto isisagane, na kuhifadhi mafuta ambayo hutoka kidogokidogo waya unapokandamizwa. Kiini kikikauka, waya huoza kutoka ndani huku nje unang'aa. Mkonge wa Vipingo ulikwenda kwa nani sijui, ila mzee hakukosea.

#16 Kisauni_Boy
Turudi kwenye swali la pili la #1, limesahaulika. Mie nasema ni umeme tu. Vizimba viwili vikisawazishana, mota hubeba makaa peke yake. Kwa mfano wa mwalimu: tani 20 kwa mwendo wa mita 18 kwa sekunde ni kama megawati 3.5. Ndoo tupu isiposawazishwa utahitaji mara mbili yake, na uzito wa waya juu. Wajerumani walipiga hesabu ya gharama.

#17 Winchi_Kilindini
@Kisauni_Boy lakini ngoma nayo yaweza kuwa na nyaya mbili, moja ikijikunja juu na nyingine ikijikunjua chini, vizimba vikasawazishana vilevile. Kinachobaki bila kusawazishwa ni waya wenyewe. Kwa hiyo maelezo yako yatosha nusu.

#18 Mwalimu_Tudor
Maelezo yangu ni ukubwa wa ngoma. Mita 1,000 za waya zataka mahali pa kulala. Ngoma inakuwa pana, nzito, na uzito wote huo lazima uanzishwe na kusimamishwa kila safari. Carl Friedrich Koepe alipata hataza ya gurudumu lake mwaka 1877, na likatumika mgodi wa Hannover, Bochum. Gurudumu halipanuki shimo likiongezeka. Mita 300 au 1,000, ni lilelile. Na hapohapo Hannover mwaka 1947 ndipo walipoweka mashine ya kwanza ya nyaya nne juu ya mnara. Ukigawa mzigo kwa nyaya nne, kila waya ni mwembamba, na kwa hesabu ya #5 gurudumu nalo linapungua.

#19 Mgodini_Zamani
Nawasalimu kutoka Tanga, asili yangu Mbinga, tuna makaa ya Ngaka pale nyumbani, lakini yale huchimbwa juu, hayana winchi. Mimi nilifanya kazi Afrika Kusini, dhahabu, na nimeshuka kwenye vizimba vya ngoma. Mwalimu, hoja yako yaishia mita elfu moja na mia kadhaa. Wale wana mashimo ya karibu kilomita 3 kwa mshuko mmoja. Kwa nini hawatumii gurudumu lako?

Sababu ni mkia. Kizimba kikiwa juu, mkia wote umening'inia chini yake. Kikiwa chini, mkia wake haupo. Kwa hiyo pale waya unapofungwa kwenye kizimba, mvuto hupanda na kushuka kila safari kwa uzito wa mkia mzima. Chuma hakichoshwi na uzito mkubwa kama kinavyochoshwa na kupanda na kushuka.

#20 Mwalimu_Tudor
Ngoja nipige hesabu... Kila kilomita ya mkia hubadilisha mvuto kwa niutoni 77 hivi kwa kila milimita ya mraba ya chuma, uwe waya mnene au mwembamba, kwa sababu uzito na eneo hukua pamoja. Huwezi kujiokoa kwa kununua waya mnene zaidi. Kilomita 2 ni 154, ongeza na mzigo wenyewe unaowekwa na kutolewa. @Mgodini_Zamani nimekuelewa.

#21 Mgodini_Zamani
Ndiyo hivyo. Ndiyo maana Robert Blair kule Afrika Kusini, miaka ya 1950, akabuni ngoma ya nyaya mbili kwa kila kizimba, kila waya na chumba chake kwenye ngoma. Wamepata faida ya nyaya nyingi bila mkia.

Na kuna jambo jingine ambalo wasomi hulipita. Waya wa ngoma waweza kukatwa kipande cha mwisho mara kwa mara, kikapelekwa maabara kuvutwa mpaka kikatike, ukajua hali ya waya wako. Ngoma ina akiba. Waya wa Koepe una urefu wake kamili, ukikata umeharibu. Wakaguzi wa kwetu waliamini kipande kilichovutwa kuliko macho ya mtu.

#22 Lifti_Nyali
Siku hizi kuna kipimo cha sumaku, waya wapita katikati ya chombo na nyuzi zilizokatika ndani zinaonekana. Kwa hiyo hoja ya kukata kipande imepungua nguvu.

#23 Mgodini_Zamani
Imepungua, haijafa. Sumaku yakuambia palipokatika, haikuambii chuma kilichobaki kina nguvu gani.

#24 Kisauni_Boy
Bado naona mnazunguka. Uingereza walikuwa watu wa ngoma, migodi ilipotaifishwa mwaka 1947 wakaanza kujenga minara ya magurudumu ya msuguano. Mashimo yao hayakubadilika urefu usiku mmoja! Hii ni desturi na viwanda. Kila nchi hununua kwa mhandisi wake.

#25 Winchi_Kilindini
Au idadi ya vituo. Gurudumu la Koepe vizimba viwili vimefungamana, kimoja kikiwa juu kingine kiko kituo kilekile daima. Ngoma mbili zenye klachi waweza kuzitenganisha, ukarekebisha urefu, ukahudumia ghorofa nyingi za mgodi. Mgodi wa makaa unaotoa kutoka kituo kimoja kikubwa hauhitaji hilo.

#26 Binti_Likoni
Naomba niwatoe kidogo hapo. Usalama je? Lifti ina vibano vinavyouma reli waya ukikatika. Mgodini vipo? Nilisoma kuhusu Hartley, Uingereza, waya ulikatika wakafa watu zaidi ya 200.

#27 Nahodha_Kibokoni
Hartley haikuwa waya, binti yangu. Tarehe 16 Januari 1862 boriti ya chuma ya pampu ya maji ilivunjika, kipande kikaanguka ndani ya shimo na kuliziba. Mgodi ulikuwa na shimo moja tu. Wakafa 204, wengi kwa hewa mbaya huku wakingoja kufukuliwa. Mwaka huohuo ikatungwa sheria kwamba mgodi wa makaa uwe na njia mbili za kutoka.

#28 Mgodini_Zamani
Kuhusu vibano: inategemea nchi. Kanada, vizimba vya waya mmoja kwenye reli za mbao huwa na meno ya kuuma mbao. Lakini mashimo mengi ya Uingereza miongozo yake ni nyaya zilizovutwa kwa uzito chini, hapo meno hayana cha kuuma. Wengine wanasema meno yakijifunga yenyewe kizimba kikiwa kwenye mwendo, ni maafa mapya. Wengine wanasema nyaya nne zatosha, hazitakatika zote kwa pamoja. Mimi niliyepanda ningependa meno.

#29 Winchi_Kilindini
Hatari ninayoiogopa mimi si waya kukatika, ni kupitiliza juu. Kuna ndoana ya Edward Ormerod, Lancashire, 1867. Kizimba kikivutwa kupita kiasi, ndoana yaingia kwenye tundu la bamba la chuma mnarani, mabawa yake yafunguka, yauachilia waya na papo hapo yanakaa juu ya bamba. Waya waenda zake, kizimba chabaki kimening'inia. Hakuna umeme, hakuna springi. Kifaa cha aina hii ndicho ningependa kionyeshwe kila chuo cha ufundi hapa Pwani.

#30 Chuma_Changamwe
Ila Ormerod huokoa kizimba cha juu. Cha chini je? Markham, Derbyshire, 30 Julai 1973. Kizimba kinashuka na watu 29. Dereva avuta breki, breki haishiki. Kumbe ufito mmoja wa chuma wa breki, uliobeba nguvu yote ya springi, ulikuwa na ufa wa uchovu ndani, ukavunjika. Kizimba kikagonga chini, wakafa 18, na 11 waliosalia wakaumia vibaya.

Kilichonikaa kichwani ni kwamba ufito huo ulikuwa peke yake. Breki mbili, viatu viwili, lakini vyote vimepitia chuma kimoja. Baada ya hapo wakahamia breki za diski zenye vibano vingi, kila kimoja na springi yake, kimoja kikifa vingine vinabana. Hata kreni mpya zinazoshushwa Kilindini zina mtindo huo. Mafundi wenzangu, kesho mkifika kazini fuateni njia ya nguvu ya breki kutoka springi mpaka ngoma, mtazame kama kuna mahali imepitia pini moja.

#31 Winchi_Kilindini
@Chuma_Changamwe nimelichukua. Kuna winchi moja ya zamani najua kabisa ina pini ya namna hiyo.

#32 Mama_Kongowea
Mwenyezi Mungu awarehemu hao vijana.

#33 Kijana_Mtongwe
Amin. Ila Binti kauliza nusu. Makaa yana gesi, na mota inatoa cheche. Mbona mgodi haulipuki?

#34 Mgodini_Zamani
Mota ya winchi kuu iko juu, nje ya shimo, kwenye hewa safi. Gesi ya methani hulipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Winchi zilizo chini ndani ya mgodi ndizo lazima ziwe na maboksi yasiyopitisha mwako. Na shimo la kutolea hewa chafu likiwa na winchi, mdomo wake hufunikwa na kuwekwa milango miwili ya kupokezana, feni isipoteze mvuto.

#35 Kisauni_Boy
Na makaa ya Mui kule Kitui yakichimbwa itawekwa winchi ya nani, ya Koepe au ya Blair?

#36 Lifti_Nyali
Wewe nawe! Makaa ya viwanda vyetu vya saruji bado yaja kwa meli, na kituo cha umeme wa makaa Lamu leseni yake ya mazingira ilifutwa na baraza la mazingira 2019. Winchi ya Mui labda wajukuu wako.

#37 Nahodha_Kibokoni
Halafu si lazima makaa yapande kwa winchi. Selby, Uingereza, makaa yalitoka kwa njia ya mteremko na mkanda mpaka Gascoigne Wood. Mkanda hauna safari ya kurudi tupu.

#38 Mwalimu_Tudor
Mkanda sawa, ila tazama urefu wa mteremko. Shimo la mita 1,000 wima, mteremko wake ni kilomita 4 ukiinama moja kwa nne. Mwamba wote huo utauchonga na kuutegemeza. @Kisauni_Boy, hoja yako ya #24 sijaikubali bado. Poland na China nao wamejaa magurudumu ya msuguano, na viwanda vyao si vya Kijerumani. Njoo na sababu nyingine.

#39 Kisauni_Boy
Poland sehemu kubwa ya migodi ya Silesia ilijengwa enzi za Wajerumani, mwalimu. Hiyo yaniunga mkono mimi. China ndiyo nakuachia.

#40 Mgodini_Zamani
Na Afrika Kusini kwenyewe magurudumu ya Koepe yapo, kwenye mashimo yasiyo marefu sana. Kwa hiyo si desturi tupu. Nitapiga picha daftari langu la kazini lenye mchoro wa ngoma ya Blair niuweke hapa, #20 atauona mwenyewe pale waya wa pili unapoingia.